Ubingwa wa Vidau vya Wino kwa Njia ya Mkato

Unataka mgeni akiingia sebuleni aulize, "Na hiki je?" Sawa kabisa. Sifa ni tamu, na kidau cha wino cha kale, cha bronzi, chenye umbo la mnyama, huzileta upesi. Elimu yake ni ya miaka mingi, lakini njia za mkato zipo.

1. Shika mji mmoja. Ulaya ni kubwa, wewe chagua Vienna. Mafundi wake wa karne ya 19 walisubu bundi, mbwa na dubu, kisha wakawapaka rangi bila kuichoma motoni. Ukiulizwa habari za Paris, jibu, "Mimi ni mtu wa Vienna." Maswali yataisha hapo.

2. Kariri jina moja la huko Vienna: Franz Bergman, mwenye karakana ya bronzi. Alama yake ni herufi B ndani ya mtungi. Vitu vingine aliviandika "Namgreb": lisome kinyumenyume. Itaje alama hiyo, lakini usiiamini peke yake, maana hata kazi za kuiga hugongwa muhuri.

3. Pindua kabla ya kusifia. Muuzaji akikuona unaanzia kitakoni, atajua hujaja kushangaa. Tafuta mkwaruzo: ndani kukiwa na manjano ya shaba, moyo utulie, kukiwa na weupe wa kijivu, hiyo ni zinki iliyopakwa rangi. Sumaku ikinasa, umeshika chuma. Isiponasa, usishangilie bado: hata zinki hainasi.

4. Funua kichwa. Bundi wa kidau kwa kawaida hufunguka shingoni kwa bawaba, na tumboni mna kikombe cha wino, mara nyingi cha kioo. Bawaba imelegea? Kikombe kimebadilishwa? Usinune. Omba upunguziwe.

5. Usisafishe. Hapa uvivu ni utaalamu. Dawa ya kung'arisha huondoa rangi ya asili, na thamani huondoka nayo. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukapumzike.

6. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia, tulia. Mweke bundi wako wa zinki mezani na useme, "Nilimpenda sura." Hakuna wa kukucheka.

Ila usimuuzie mwenzako bundi huyo kwa jina la bronzi. Ubingwa unaweza kuupata kwa mkato. Jina jema likishaharibika, halina mkato wa kulirudisha.