Kaa wa Maji Baridi na Masaibu ya Mfugaji Wake

Kaa wa maji baridi ni wale wanaomaliza maisha yao yote mtoni, ziwani au katika tope la bondeni bila kuionja bahari, na wataalamu wamekwisha kuorodhesha spishi zao zaidi ya 1,300 duniani. Mayai ya kaa wengi wa pwani hutoa viluwiluwi vinavyochukuliwa na mikondo ya bahari, lakini mayai ya hawa hutoa kaa wadogo waliokamilika, ambao mama huwabeba chini ya tumbo lake lililokunjwa mpaka waweze kujitegemea.

Sifa yao nyingine, ambayo vitabu huitaja kwa upole kupita kiasi, ni kutopatikana pale wanapotarajiwa. Katika Milima ya Usambara nchini Tanzania na Milima ya Shimba nchini Kenya, spishi iitwayo Potamonautes raybouldi huishi katika mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angetafuta asali. Huko Kenya, watafiti walihangaika kutafuta mabuu ya inzi Simulium neavei, mwenezaji wa usubi, yaani ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha macho, mpaka ilipochapishwa mwaka 1950 kwamba mabuu hayo hujibandika kwenye mwili wa kaa na kutembezwa mtoni bila kulipa nauli.

Mnyama wa namna hiyo ndiye anayenunuliwa, akatiwa katika akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia viumbe wa majini, na kutarajiwa kutulia. Kwa kuwa matamvua yake, ambayo ndiyo viungo vya kupumulia, huendelea kufanya kazi nje ya maji maadamu hayajakauka, kaa hupanda bomba la hewa usiku, akashuka upande wa pili na kuanza ziara ya nyumba, ambayo aghalabu hukomea nyuma ya friji au ndani ya kiatu cha mgeni aliyekuja kusalimia tu. Mara nyingine kutoroka huko ni malalamiko halali, kwa maana kaa wa mikoko ya Asia mwenye magando mekundu, Parasesarma bidens, huuzwa kama kaa wa maji baridi ilhali anahitaji maji yenye chumvi kiasi na mahali pakavu pa kupanda.

Msiba mkubwa zaidi hutokea wakati wa kujivua gamba, yaani pale kaa anapoliacha gamba la zamani lililombana ili akue. Mfugaji hulikuta asubuhi likiwa limekamilika, miguu na magando yakiwa mahali pake, akatangaza kifo na pengine akazika, huku marehemu amejificha chini ya jiwe, mwili laini, akisubiri gamba jipya ligumuke. Kwa kuwa kaa hulila gamba lake kuukuu ili kurejesha madini ya chokaa, maziko hayo, hata yakifanywa kwa heshima zote, humnyang'anya mlo.

Kifuniko kizito husaidia, lakini tundu la kupitishia bomba na waya huachwa wazi, na kaa, ambaye usiku hana miadi mingine, hupata muda wa kutosha wa kulikagua.