Kiti cha Pikipiki na Staha ya Mkwe

Kiti cha pikipiki yangu kilipopasuka kwa jua la Tanga, kikafichua sponji yake ya manjano, sikuona haja ya kuhangaika, kwani mpasuko haukuzidi urefu wa kidole. Lakini ilipoingia masika, sponji ile ikawa inakunywa mvua usiku kucha bila ya mtu kujua, na asubuhi, nikiikalia kwa suruali ya kazini, hunirudishia amana yote kwa mkupuo, nami nikawa naingia ofisini kinyumenyume, nikiwaamkia wakubwa kwa taadhima isiyo kifani ili wasipate kuniona nyuma.

Shauri likawa kwenda Ngamiani kwa fundi wa viti, ambaye hufanya kazi chini ya mwarobaini na daima ameshika pini kwa meno, hata bei zake huzitamka kwa pembe moja ya mdomo, na mteja hana yakini kama ameambiwa elfu ishirini au elfu thelathini mpaka saa ya kulipa. Alinitandikia vitambaa vyake mkekani kama mwenye duka la kanga usiku wa kuamkia Idi. Ngozi ya ng'ombe ina fahari yake, ila hewa ya pwani haiihurumii: ikiachwa kivulini huota ukungu, na ikinyeshewa kisha ikakaushwa juani hukakamaa na kukatika. Mahameli nyekundu, iliyopendwa mno na ahali yangu, hushika vumbi na haiyaachi maji iliyoyapokea. Turubai ni imara, lakini huparuza, na mwenye kuikalia kila siku suruali zitamwishia kabla yenyewe haijachakaa. Vilikuwapo pia vya madoa ya chui, ambavyo vijana wa bodaboda wanavihusudu. Mimi, kwa mvi hizi, nilivipita upesi.

Ikabaki reksini. Ile ya asili ilifanyizwa Uingereza, mjini Hyde karibu na Manchester, nayo ilikuwa nguo ya pamba iliyopakwa dawa ikafanana na ngozi. Na kwa kuwa dawa yenyewe ilitokana na pamba iliyotiwa asidi, ambayo ni nduguye baruti, basi waungwana waliojinyoosha juu ya viti vile walikuwa wameketi juu ya jamaa wa mzinga pasipo kuarifiwa. Ya siku hizi hupakwa plastiki, haina ghadhabu hiyo, na maji hayaipenyi ila penye tundu la sindano. Kwa ajili hiyo fundi aliikata kipande kizima kisicho mshono, akaianika juani ilainike, akaivuta kutoka mbele hata nyuma, akaibana kwa chini, pasibaki kunyanzi hata moja. Ilikuwa nyeusi, na yang'aa. Adhuhuri ya kwanza ilinifunza kuendesha nimesimama.

Lakini joto si kitu mbele ya utelezi. Mama mkwe wangu alitaka kupelekwa soko la Mgandini, akaketi upande na buibui lake, kikapu akakiweka baina yetu kuwa mpaka, maana adabu yataka mtu na mkwewe wapeane nafasi. Nilipokamata breki ya kwanza, mpaka ulivunjika: kikapu kilinigota mbavuni, na mwenye kikapu akakifuata. Nikaomba radhi, naye akarudi nyuma kwa heshima zote, tukafika njia panda, akaja tena. Nikaazimia kutokamata breki kabisa, azma ambayo mwenye mkokoteni wa madafu hakuiafiki, na safari ile mama mkwe alikuja kwa nguvu zake zote, akatulia mgongoni kwangu, nasi sote wawili tukatazama mbele kana kwamba hatufahamiani.

“Baba,” akasema alipoteremka, “kiti chako hiki hakikufunzwa adabu.” Akaenda zake kwa miguu.

Kesho yake alikuwa chini ya mwarobaini pamoja na binti yake. Akaamuru reksini ibaki mbele kwa dereva, na nyuma pa abiria ishonwe turubai ya kaki. Fundi akajitetea kuwa mshono utapitisha maji. Akaamriwa kwanza ateme pini, kisha aseme bei kama watu wasemavyo, na kwa mara ya kwanza tukaisikia bayana: elfu kumi na tano. Mama mkwe akampa kumi. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika kikapu, na hakuna aliyeniuliza hata rangi.