Mchawi ni Kocha

Msimu wa 2023/24 sisi Wanamsimbazi, mashabiki wa Simba, tulimpata mchawi mapema. Novemba 5 Yanga wakatupiga 5-1; siku mbili baadaye kocha wetu Robertinho akafungashiwa virago. Mabeki waliowasindikiza watoto wa Jangwani mpaka langoni kwetu wakabaki, maana kumfukuza mmoja ni nafuu kuliko kumi na mmoja. Akaja Benchikha, tukampamba weee! Aprili naye akaaga, mikoba akapewa Mgunda. Makocha watatu (wa mpito wa Novemba siwahesabu), nafasi ya tatu. Nani anasema hatuna mpangilio? Azam, tuliolingana nao pointi, wakaenda Ligi ya Mabingwa, sisi Shirikisho. Julai 2024 tukaletewa Fadlu Davids. Wenye vuvuzela, karibuni tena, ila virago msiviweke mbali.