Aliyekuja na Saruji

Kutoka uani kwetu Kajaga tunaziona ndege zinapokaribia kutua uwanja wa Melchior Ndadaye. Shangazi, huku anachambua maharage, husikiliza mlio tu na kutangaza: hii ya Addis Ababa, hii ya Nairobi. Hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha, na hakuna anayethubutu kumpinga. Uwanja uko karibu kiasi kwamba ndugu wa ughaibuni anaweza kutua, kugombana na mizigo yake, na bado akatukuta tunakunywa chai ileile.

Kwa hiyo kaka yetu mkubwa, anayeishi Bergen huko Norwei, alipotuandikia kwamba Julai anakuja nyumbani kwa boti, kikao cha familia kiliitishwa jioni ileile. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: ndege mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Kigoma, kisha ziwani mpaka bandari ya Bujumbura. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye anasomea uhasibu, aliichora njia hiyo kwenye karatasi, akaitazama, akauliza kama kaka amefukuzwa kazi.

Kaka alitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba kwenye boti hakuna anayekubania kilo za mzigo, ilikuwa ya kweli na hatukuijali. Ya pili ndiyo iliyozua maneno. Aliondoka Burundi kwa njia ya ziwa akiwa mtoto, miaka ya tisini, na sasa alitaka kurudi kwa njia hiyohiyo ili moyo wake utulie. Shangazi aliomba simu.

"Baba, siku ile tulikuwa tunakimbia. Mkono huu nimekushika wewe, huu nimeshika sufuria, na katikati ya ziwa nilikuwa najiuliza kwa nini sikuchukua ile kubwa. Kama unataka kukumbuka, njoo kwa ndege, tutakukumbushia hapahapa mkekani."

Alikuwa na haki. Kwa Warundi wengi ziwa halikuwa starehe. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania ambako milima imeshuka mpaka majini, na meli ya Liemba ikawa inawachukua mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Wapo majirani zetu wanaoijua meli hiyo kwa sakafu yake tu, maana ndiko walikokaa. Lakini kaka amekaa Norwei muda mrefu, na watu wa huko wakipanda meli hupanda ili watazame milima. Akadhani naye atatazama milima.

Tena aliitaka Liemba hasa. Meli hiyo, kwa kweli, ina wasifu wa mwanadiaspora kamili. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikapitia Dar es Salaam, ikapanda treni, ikafika Kigoma na kuungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, wakiwa wameipaka mitambo grisi kwa matumaini ya kuirudia. Waliokuja kuiibua, mwaka 1924, ni Waingereza, na ikarudi kazini 1927 ikiwa na jina jipya. Kila nikimsikia mgeni analalamika kwamba begi lake limebaki Addis Ababa siku mbili, humtajia mzigo huu uliochelewa miaka kumi na moja. Bado sijampata aliyefarijika. Kaka alipofika Kigoma aliikuta imeegeshwa, inasubiri matengenezo. Akapiga nayo picha.

Lakini nimeruka treni. Kutoka Dar mpaka Dodoma alipanda ile mpya ya umeme, akatutumia picha ya kiti, picha ya dirisha, na picha ya kioo kinachoonyesha mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Dodoma akahamia reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na picha zikakoma. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa maneno mawili: "Bado Tabora." Ule wa kesho yake ulikuwa wa neno moja: "Bado."

Kigoma akapata boti la mzigo lililokubali kuchukua abiria wachache. Akauliza linaondoka saa ngapi. Nahodha akamwambia linaondoka likijaa. Akauliza litajaa lini. Nahodha akalitazama boti, akalitazama ghala, akamtazama kaka, akasema hiyo wamuulize mwenye saruji. Huko Bergen, kaka alitulalamikia kwenye simu, kivuko kikiandikiwa saa tatu na dakika saba kinang'oa nanga saa tatu na dakika saba, hata kama aliyemo ni mtu mmoja na mbwa wake. Tulimsikiliza kwa huruma. Mtu aliyezoea chombo kinachoondoka kitupu huwezi kumweleza biashara akakuelewa.

Kisha, ghafla, ujumbe: "Tumepakia. Nafika kesho saa nne."

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Saa nne ya nani? Tanzania imetutangulia kwa saa moja, kwa hiyo saa nne ya Kigoma kwetu ni saa tatu. Hiyo ni kama alitazama saa ya bandarini. Lakini simu yake ni ya Norwei, na majira yao ya joto saa zao na zetu huwa sawasawa, kwa hiyo huenda ni saa nne yetu. Isipokuwa simu hiyo ikiandika nne ina maana ya saa kumi, kwa kuwa Wazungu huanza kuhesabu usiku wa manane. Na kaka tangu ahamie huko ana tabia ya kutafsiri nusu: namba anachukua ya Kizungu, asubuhi au jioni anatuachia sisi. Binamu akakumbusha kwamba hata usiku una saa nne. Mhasibu wetu akaandaa jedwali. Lilikuwa zuri sana, na halikumsaidia mtu.

Shangazi, ambaye haamini majedwali, akapika pilau ya saa tatu. Saa tano majirani wakaila ili isiharibike. Akakaanga samaki wa mukeke kwa ajili ya saa kumi. Watoto wa jirani, waliokwisha kuuelewa utaratibu, walikuwa wameshanawa mikono. Usiku tukala ugali na ndagala wenyewe kwa wenyewe, tukitazama taa za wavuvi ziwani na kubishana ipi ni ya kaka. Kesho yake tukaanza upya. Mtaa mzima ulinenepa, na mpaka leo kuna mzee mmoja ambaye kila Ijumaa baada ya swala hutuuliza kama kuna mwingine anayekuja kwa boti.

Alipofika kweli, ilikuwa asubuhi isiyo na pilau. Simu ikalia: yuko bandarini. Shangazi alikuwa amemsihi amwombe nahodha amshushe Kajaga, kwani nyumba iko ziwani na maji ni yaleyale. Kaka alikuwa amemweleza habari za uhamiaji na forodha, naye akajibu kwamba wavuvi wanashuka hapo kila siku na hajaona mtu akiwadai pasipoti. Basi ikabidi twende sisi. Gari la familia lilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta. Foleni ya petroli wiki ile ilikuwa imedumu mpaka watu wake wanafahamiana kiasi cha kuposana. Tukapanda pikipiki hadi pale pikipiki zinapokomea, maana tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli hazikubaliwi katikati ya mji, kisha tukatembea, Shangazi mbele na mwavuli wake.

Nimewapokea wengi uwanja wa ndege na ninajua wanavyotoka: manukato kwanza, kisha miwani, kisha mtu mwenyewe. Kabla hajalifikia gari keshaombwa ada ya shule na mtu ambaye hata si ndugu. Kaka yetu alishuka kwenye ubao wa boti akiwa wa kijivu kuanzia nywele mpaka kamba za viatu. Usiku kucha alilala juu ya mifuko ya saruji, na upepo wa ziwa ukafanya yaliyobaki. Mchukuzi mmoja alimpita, akamuuliza kwa Kirundi kama zamu yake imeisha. Shangazi akamtazama, akamtafuta nyuma yake, akamtazama tena.

Kisha akamkumbatia, na alimkumbatia kwa namna ambayo hakumkumbatia mjomba wa Brussels aliyekuja na suti. Watu wote wa bandarini walimwona ni wa kwao. Hakuna aliyemwomba hata faranga. Mama mmoja anayeuza maandazi alimpa mawili akakataa malipo, akimwambia kazi ya mzigo ni ngumu, Mungu atamsaidia. Kwa miaka yote ambayo kaka amekuwa akirudi kwa ndege, na kugawa alichonacho kuanzia mlango wa uwanja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Burundi kumpa yeye kitu. Alikula maandazi yale huku machozi yakimchorea mistari kwenye saruji. Yeye anasema ni vumbi.

Mabegi yakafunguliwa forodhani. Afisa, mtu mpole, alitoa blanketi, mashine ya kusagia, viatu vya ukubwa wa kila namna, na mwisho kopo maridadi la kahawa. Akaligeuza, akasoma kwa sauti: Kayanza, Burundi. Kahawa ile ilichumwa kilomita zisizozidi mia moja kutoka pale tuliposimama, ikavuka bahari, ikakaangwa, ikafungwa, ikauzwa Bergen kwa bei ambayo mkulima wa Kayanza akitajiwa ataomba kiti, ikarudi kwa ndege, kwa treni na kwa boti. Afisa alifikiri sana.

"Hii imerudi kwao," akasema, "haidaiwi," akagonga muhuri.

Tulipofika nyumbani kaka alioga, akala, kisha akataka kuonyeshwa kiwanja. Wenzake wengi wa ughaibuni wana viwanja pande hizi, na yeye alinunua chake akiwa mbali, kwa picha. Picha ilikuwa nzuri: nyasi, mchikichi mmoja, na ziwa kwa nyuma. Ilipigwa kabla ya 2020. Kuanzia mwaka ule Tanganyika limekuwa likipanda. Mvua ni nyingi, mito inaleta maji na udongo, na ziwa zima, zaidi ya kilomita 670 kutoka ncha hadi ncha, lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Majirani zetu wa Gatumba wamefurikiwa na mto Rusizi mara kwa mara. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji mpaka ncha hii ya kaskazini kuchunguza kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Mkazi yeyote wa hapa angewaambia, na siku hizi angewaonyesha sebuleni kwake.

Kaka alisimama, picha mkononi, akitafuta.

"Si uliniambia kinatazamana na ziwa?"

"Kilikuwa kinatazamana nalo," nikamjibu. "Ziwa likaona si adabu kukaa mbali."

Yeye ni mtu wa kufuata sheria, na alikuwa amesoma kwamba sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kati ya jengo na ziwa. Akauliza mita hizo zinapimwa kuanzia wapi. Karibu na mchikichi wake, uliokuwa umezama mpaka kiunoni, kiboko akaibuka, akapumua, akazama.

Kiboko huyo huja uani kwetu usiku kula nyasi, na usiku ule alikuja. Kaka akatoka na ndara na simu, akiwarushia watoto wake walioko Bergen mambo yote papo hapo. Wakauliza kama mnyama huyo ni wa bibi.

"Ni wa kwangu," Shangazi akajibu dirishani, "na yeye yuko tayari kula. Mwambieni baba yenu aingie ndani asije akamchagulia chakula."

Likizo iliisha kabla ya boti kupata mzigo wa kurudi. Burundi hununua nje zaidi kuliko inavyouza, kwa hiyo maboti huja yameshiba na kuondoka yakitafuta. Kila asubuhi kaka alimpigia nahodha, naye alimjibu kwa heshima zote kwamba bado liko jepesi. Tukamshauri apande ndege, uwanja si ule pale. Akasema tiketi yake ya Ulaya inaanzia Dar. Mkewe alipiga simu kuuliza anarudi lini, na tulimsikia kaka, mtu wa saa tatu na dakika saba, akimwambia, "Likijaa."

Hapo Shangazi akaanza kufunga mizigo. Madumu ya mawese ya Rumonge. Gunia la ndagala wakavu. Maharage, unga wa muhogo, mikeka, parachichi, na mkungu wa ndizi ambao kila mtu alimweleza kwamba Ulaya hauruhusiwi, naye akasema hakumbuki kuwauliza. Majirani waliokula pilau zetu nao wakalipa deni: kila nyumba ilileta mfuko kwa ndugu yake aliyeko Oslo, Malmö, Winnipeg. Kaka akawaeleza kwamba Winnipeg iko Kanada. Wakamwelewa vizuri, wakaacha mifuko.

Tulifika bandarini na lori. Nahodha alitoka kibandani, akalizunguka polepole, akainua turubai, akahesabu kwa vidole, kisha akamgeukia baharia wake.

"Waite abiria," akasema. "Limejaa."