Shangazi wa Bulla Pesa Akujibu

Wiki hii hakuna aliyeachwa wala aliyeibiwa mume. Barua zote zilizoletwa kibandani kwangu zinauliza lugha za kompyuta. Bulla Pesa, mtaa ambao pesa iko kwenye jina kuliko mifukoni, umeamua kutajirika kwa kuandika programu. Haya, tuanze.

*Kwako Shangazi. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha nne. Binamu yangu wa Nairobi ananiambia nianze na JavaScript. Mwalimu wangu wa zamani anasema asiyeanza na C hajui kitu. Rafiki yangu anaapa kwa Python. Sina kompyuta, nina simu yenye kioo kilichopasuka. Mwezi wa nne huu natazama video za kulinganisha lugha, bando linakwisha, na sijaandika hata mstari mmoja. Nichague ipi?*

Mwanangu, nyumbani kwenu mnasema Kiborana. Dukani kwa jirani unaagiza kwa Kisomali, miraa unaibishania bei kwa Kimeru kibovu, na barua hii umeniandikia kwa Kiswahili. Ni nani aliyekukalisha chini akulinganishie sarufi zote hizo kabla hujafungua kinywa? Kila moja uliifuata kwa sababu kuna kitu ulikitaka kwa wenyewe.

Basi unataka nini? Kama ni kurasa zinazofunguka kwenye simu za watu, binamu yako kasema kweli. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich kwa siku kumi, mwaka 1995, na haraka ile bado inaonekana: ukiiambia ijumlishe 5 ya maandishi na 5 ya namba, inakupa 55 bila haya. Kama unataka kuijua mashine mpaka mifupani, mwalimu wako naye hajakosea. C ya Dennis Ritchie imefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Ila itakuletea kosa lisilo na maelezo saa sita usiku, uko peke yako, chaji imebaki asilimia nne.

Mimi nakupa Python. Sisemi ndiyo bora. Maneno yake ni machache, na ipo programu iitwayo Pydroid 3 inayoiendesha ndani ya simu ya Android hata bando likiisha. Mabano na nukta pacha zimefichwa kwenye kibodi ya simu, utazitafuta kama mbuzi aliyepotelea kichakani, lakini vidole vitazoea. Video za kulinganisha ziache miezi mitatu. Binamu akipiga simu, mwambie umeshaposwa.

*Shangazi, mwanangu hatoki chumbani. Nikigonga anasema yuko na Python. Nimeuliza maana yake nikaambiwa ni chatu. Nyumba yenyewe ni ya kupanga. Nifanyeje?*

Mama, kaa utulie. Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, alichukua jina kutoka kwa Monty Python, wachekeshaji wa Uingereza. Mwenye nyumba hana haja ya kujua. Wewe shughulika na bili ya stima.

*Shangazi, nilinunua kitabu cha Python cha mtumba kwa shilingi mia mbili. Nimenakili mfano wa kwanza neno kwa neno, simu inakataa. Nimerogwa?*

Hujarogwa, umeuziwa maziwa yaliyolala. Hicho ni kitabu cha Python 2, iliyokuwa ikiandika print bila mabano. Python 3 ilitoka mwaka 2008 na inayadai mabano hayo, na ile ya 2 wenyewe waliacha kuitunza tangu tarehe 1 Januari 2020. Siku nyingine fungua ukurasa wa mwaka kwanza, kama unavyosoma tarehe kwenye pakiti ya unga.

*Shangazi, mimi nakusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa akina mama kumi na wawili, nayapakia kwenye basi la Nairobi. Daftari la madeni limemwagikiwa maziwa. Binti yangu anasomea kompyuta. Nimemwomba aniandikie programu ya hesabu, anasema hajamaliza lugha ya kwanza. Kwani lugha huisha?*

Lugha haiishi, dada yangu. Mimi nimezeeka na Kiswahili na bado mtoto wa Mombasa hunicheka. Binti yako aandike kwa hicho kidogo anachokijua. Kazi yenyewe ni ndogo: jina la mama, lita alizoleta, bei, deni lililobaki. Yakiwa yamechacha, bei nyingine. Yakiwa mazima, bei ya kawaida. Hiyo ndiyo *if* mnayoilipia karo, na wewe umekuwa ukiifanya kwa pua kila alfajiri.

Jambo moja asilisahau, maana litamwaibisha mbele ya akina mama. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, inajibu 0.30000000000000004. Haijalewa. Mashine huhesabu kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haikai sawasawa humo, kama vile theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. JavaScript na C zina ugonjwa uleule. Kwa hiyo maziwa ayaandike kwa mililita kamili na pesa kwa senti kamili, agawanye mwishoni anapoonyesha watu tu. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa deni dogo tu.

Tena asiwatengenezee akina mama programu ya simu kubwa. Wengi wao wana simu ndogo za kabambe. Kila mmoja apate ujumbe mfupi jioni: leo lita tano, deni hili. Mwanzoni autume yeye mwenyewe kwa mkono, akisoma hesabu kwenye kioo chake.

Mwambie ajaribu kesho, basi likishaondoka. Daftari usilitupe, lianike juani likauke, kwa sababu wiki ya kwanza mtazilinganisha hesabu mstari kwa mstari, na sijui ni ipi itakayoonekana imekosea.