Zimebaki Siku 14

Nilipokuwa kidato cha sita, kombi ya PCB, sikuwa mvivu. Naomba hilo lieleweke mapema. Nilikuwa najiandaa kusoma, na maandalizi nayo ni kazi. Ratiba peke yake ilinilia Jumamosi mbili: Fizikia kwa wino mwekundu, Kemia kijani, Baiolojia bluu, na BAM, yaani hesabu, ambayo sikuipenda wala yenyewe haikunipenda, kwa penseli, ili ikibidi niifute. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda kwa ugali wa usiku. Kufika Alhamisi panya walikuwa wameshaila, wakianzia na Fizikia.

Adui mkubwa alikuwa usingizi. Waliotutangulia walituachia dawa yake: loweka miguu kwenye beseni la maji baridi, utakesha. Nikaazima beseni la jirani yangu wa kitanda, nikalibeba hadi darasani, nikatumbukiza miguu, nikafungua kitabu cha Fizikia cha Nelkon. Tabora mwezi wa saba usiku kuna baridi ya kweli, si ya kusimuliwa. Nilizinduliwa na kengele ya alfajiri, shavu juu ya kitabu, nyayo zimekunjamana kama vidole vya dobi, na mle kwenye beseni zikielea pepa zangu za miaka iliyopita. Mwenye beseni alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani, anataka kwenda kuoga. Hakusema neno. Hakuniazima kitu tena mpaka tunamaliza shule.

Walimu walipoona tumelegea wakatuletea mhamasishaji, suti ya vipande vitatu ndani ya jua lile. "Fumbeni macho," akasema, "mjione miaka mitano ijayo." Ilikuwa saa nane mchana na makande yameshatulia tumboni. Tukafumba. Mimi nilijiona kidogo tu, kisha sikujiona tena. Alipotuambia tufumbue, waliotii ni wa mstari wa mbele.

Desemba nikaenda likizo Muheza kwa bibi, na huko nikakuta nimeshahitimu. Bibi alikuwa amewatangazia majirani kwamba mjukuu wake anasomea udaktari, nao wakaona hiyo "anasomea" ni unyenyekevu tu wa bibi. Siku ya pili mzee mmoja akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akashika fundo la msuli wake. Shuleni kwetu kupiga msuli ni kusoma kwa nguvu. Huu wake ulikuwa wa kuvaa, na alikuwa anaufungua.

"Daktari," akaninong'oneza, "hili busha lina miaka sita."

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimepasua mende mmoja na vyura wawili, na katika hao vyura mmoja alitoroka. Nikamsihi mzee wangu afunge msuli, aende hospitali. Bibi, ambaye kumbe alikuwa anachungulia dirishani, akamtuliza: "Mwache kwanza babu, anamalizia cheti."

"Basi tunakusubiri," akasema mzee.

Ile "tunakusubiri" nilisafiri nayo ndani ya basi, Muheza hadi Tabora.

Darasani kwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyejipa kazi ya kuandika kwenye kona ya ubao siku zilizobaki kabla ya mtihani wa taifa. Katikati ya Januari alikuwa kwenye 114. Usiku mmoja wakati wa prepo nikalala juu ya dawati kama kawaida yangu. Kuamka, natazama ubaoni: Zimebaki siku 14.

Wanasema mwanafunzi asukumwe na ndoto yake. Mimi sikuona ndoto. Niliona migomba, na mkono wa mzee kwenye fundo la msuli. Nikafungua daftari. Usiku ule nilimaliza jenetiki yote, nikavuka kwenda kemia ogania, majogoo wakaniwikia nikiwa bado nachora benzini. Sijawahi kusoma vile, kabla wala baada. Asubuhi ndipo nilipojua kwamba aliyekuwa zamu ya usafi alifuta namba ya kwanza kwa bega lake wakati anafagia.

Wiki iliyofuata, siku ya 107, nikajaribu kuifuta ile moja mwenyewe kwa kidole. Ikabaki 07. Nikakaa, nikaitazama, nikalala. Nikambembeleza kijana wa kidato cha tano kwa vijiko vitatu vya sukari awe ananifutia kwa siri, siku nisiyoijua. Sukari aliila, namba hakuifuta.

Mei ikafika yenyewe, bila kufutwa. Matokeo yakatoka: daraja la pili, pointi 11. Nilipoomba udaktari sikuchaguliwa, nikaenda ualimu, na leo nafundisha Baiolojia. Jenetiki naifundisha vizuri sana. Bibi ameshawaeleza majirani kwamba sasa nafundisha madaktari, jambo ambalo kwao ni cheo kikubwa zaidi.

Yule mzee alishapasuliwa hospitali ya wilaya, na daktari wa kweli, akapona kabisa. Lakini kila nikienda Muheza bado ananivuta nyuma ya nyumba. Sasa hivi ni goti.