Vijembe Tisa vya Mtani kwa Moyo wa Mchagga

Mimi ni Mpare wa Same, na watani zangu ni Wachagga. Kila Desemba nawaona wakipita barabara kuu kurudi kwao, gari limeinama nyuma kwa mizigo. Utani wetu una sheria zake. Mtani ana ruhusa ya kukwambia mezani kwako, kwa sauti, jambo ambalo nduguyo angelisema kwa kunong'ona. Tena mtani ndiye anayewachekesha wafiwa msibani. Kazi hiyo ya pili sina haraka nayo hata kidogo, kwa hiyo leo naifanya ya kwanza. Vijembe vyangu ni vya kuulinda moyo wako: tunaanza cha tisa, tunashuka mpaka cha kwanza, kama daladala inayotoka Marangu kuja Moshi mjini. Kaa sawa, Mangi.

9. Mtori hauna kesi

Nianze na habari njema. Mtori ni ndizi na nyama, na chakula anachopewa mama aliyejifungua hakiwezi kuwa adui wa mtu. Ndizi ina potasiamu, madini yanayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi na kulegeza mishipa ya damu. (Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, maana potasiamu ikizidi kwake ni hatari.) Kesi inaanza pale mpishi anapochagua nyama yenye mafuta, kisha akaongeza siagi "ili ulainike". Ndizi ikiiva inalainika yenyewe! Chemsha nyama mapema, iache supu ipoe, mafuta yagande juu, uyaengue kwa upawa.

*Kijembe:* Kama sufuria inahitaji maji ya moto mara tatu ndipo mafuta yatoke, mshipa wako utaoshwa na nani?

8. Kihamba kimekupikia, wewe unaagiza chipsi

Kihamba cha Mchagga, shamba linalozunguka nyumba yake, kimepangwa na watu wenye akili: migomba juu, kahawa chini yake, maharage na mnafu kila penye nafasi, mparachichi karibu na nyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na mwenye kihamba anazipata bila kuvaa viatu. Mafuta ya parachichi, kwa sehemu kubwa, ni ya aina isiyoudhi moyo. Maharage yana nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha lehemu. Parachichi za Siha zinavuka bahari kwenda kuliwa Ulaya, na huku nyumbani mtoto wa mkulima anatumwa kununua chipsi za mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi.

*Kijembe:* Mnafu si pambo la sahani. Ukiweza kuuhesabu majani, hujala mboga.

7. Kukaa karibu na kiwanda si lazima ulimalize ghala

Najua, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC iko hapo chini tu, Arusha Chini. Hiyo si sababu ya kikombe cha chai kupokea vijiko vitatu. Vikombe vinne kwa siku ni vijiko kumi na viwili, na bado hujafungua soda. Soda ya kola ya mililita 350 pekee ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Sukari hiyo huongeza uzito, uzito hukaribisha kisukari, na kisukari huharibu mishipa ya moyo taratibu, bila kelele. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi utanuna siku chache, kisha utazoea.

*Kijembe:* Kijiko kikisimama chenyewe kikombeni, hiyo si chai, ni mche wa muwa.

6. Mlima ni wenu, wanaoupanda ni wageni

Mgeni anatoka Marekani, analipa fedha nyingi, anatembea siku sita au saba kufika mita 5,895 na kurudi. Mwenyeji anapanda bodaboda kutoka lami hadi getini kwake, mita mia nne. Bibi zenu walishuka sokoni Kiboriloni na mkungu wa ndizi kichwani, wakauza, wakapanda tena na mahitaji ya nyumbani. Hawakuyaita mazoezi, waliyaita Jumamosi. Unachodaiwa ni dakika 150 kwa wiki za kutembea mpaka pumzi ibadilike, yaani nusu saa kwa siku tano. Tangu mwaka 2003 mbio za Kilimanjaro Marathon zinapita mjini Moshi. Kama kukimbia hukuwezi, toka hata kwa miguu ukawashangilie wanaokimbia.

*Kijembe:* Bodaboda akikupandisha kilima kila siku, anayefanya mazoezi ni pikipiki.

5. Mbege ni ulezi, lakini ni pombe

Hapa watani huwa wakali. "Mbege ni chakula! Kuna ndizi mbivu, kuna kimea cha ulezi, kuna gome la msesewa!" Kweli vyote vimo. Na pombe nayo imo. Pombe hupandisha presha, huongeza uzito na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mwili hauulizi kama imetoka kwenye kibuyu au kwenye chupa. Naiheshimu mbege kwa sababu inapatanisha ndugu, inaposa, inabariki. Basi ibaki na heshima hiyo. Jambo la heshima halifanywi kila jioni.

*Kijembe:* Kibuyu kilitengenezwa kizunguke kwa wazee wote. Kikikaa kwako tu, kikao kimevunjika.

4. Desemba si mashindano ya mbuzi

Ndugu wamerudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na kila mmoja anataka kuonekana. Jumatatu mbuzi, Jumanne kitimoto, Jumatano supu ya kisusio, Alhamisi mabaki ya vyote. Mafuta ya nyama hupandisha lehemu, lehemu hujibandika kwenye kuta za mishipa, na mshipa ukiziba moyoni au kichwani, sherehe imekwisha. Kula nyama, ila iwe jirani wa ndizi na mboga, isiwe mwenye nyumba. Ondoa mafuta kabla ya kuchoma. Na ile chumvi iliyomwagwa pembeni ya sinia kwa ajili ya kuchovya, ipeleke kwa ng'ombe, yeye anaihitaji kweli.

*Kijembe:* Mbuzi mmoja anatosha ukoo mzima. Ukoo ukiwa wewe peke yako, hebu tuongee.

3. Moshi wa herufi kubwa tu

Naupenda Moshi wenye stendi na soko. Ule mwingine, wa herufi ndogo, siupendi kabisa. Moshi wa sigara hubana mishipa ya damu na kuifanya damu igande kwa urahisi. Na kuna moshi ambao hakuna anayeulaumu: wa kuni, katika jiko lisilo na dirisha, mama akiuvuta saa nyingi kila siku kwa miaka mingi. Huo nao huumiza moyo na mapafu, hata kama mvutaji hajawahi kugusa sigara maishani. Mkikusanyana Desemba, kabla ya kuchangia bati la nyumba ya kuonyesha wageni, mchangieni mama jiko la gesi, au mfungulieni jiko lake dirisha na bomba la kutolea moshi.

*Kijembe:* Mtoto aliyesomeshwa na moshi wa jiko asiache mama aendelee kuuvuta.

2. Chumvi ina pacha anaitwa magadi

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hapo umehesabu mkate na mchuzi wote. Wengi wameshasikia. Wanachosahau ni magadi. Yanalainisha maharage ya kiburu, nasi Wapare tunayatia kwenye makande, kisha tunasema "chumvi nimepunguza". Magadi yana sodiamu, ileile ya chumvi inayopandisha presha! Vidonge na unga wa kukolezea mchuzi navyo ni ndugu zao. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, uyachemshe kwa moto mdogo, yatalainika.

*Kijembe:* Anayetia chumvi kabla ya kuonja amemhukumu mpishi bila kusikiliza ushahidi.

1. Pima presha, Mangi. Pima

Utani naupunguza kidogo hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima wa Shari, wilayani Hai, na wa Ilala, Dar es Salaam. Karibu watatu kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu. Miongoni mwao, waliojua kwamba wanayo hawakufika mmoja kati ya watano. Waliokuwa wameidhibiti hawakufika mmoja kati ya mia. Yaani watu walilima, waliimba kwaya, waliozesha mabinti, na presha imekaa nao meza moja bila kujitambulisha.

Kipimo ni dakika chache, kwenye zahanati ya karibu, au hospitali ya Mawenzi au KCMC. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, ni ya juu. Ukipewa dawa, meza hata siku unayojisikia mzima, kwa sababu hizi si za malaria, siku tatu umemaliza. Na kifua kikibana, au mdomo ukipinda na mkono ukakosa nguvu ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo.

*Kijembe:* Unajua bei ya kahawa ya miaka kumi iliyopita. Presha yako ya mwaka huu ni ngapi?

Mna desturi ninayoiheshimu sana: popote Mchagga anapofia, ndugu humrudisha akazikwe kihambani. Siku hiyo nami nitakuja, nitatania mpaka wajane wacheke, nitadai ujira wangu wa mtani. Lakini ningependa tuisogeze mbali. Wewe rudi kila Desemba umekaa kwenye siti, umeshika tiketi yako mwenyewe, unagombana na kondakta kuhusu mizigo. Ujira wangu nilipe mwaka huu huu, ukiwa hai, kwa namba mbili tu kutoka kwenye mashine ya presha: ya juu na ya chini.